Tuliacha Kopi, Tukamwimba Chenge

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua tuliachana wapi. Mimi, Ndalahwa, gitaa begani, mbele ya wanywaji wa Jumamosi pale Upepo Bichi. Mteja kaomba wimbo wa mzungu. Nimemkatalia, nimepiga wa kwangu.

Uliyedandia njiani, shika haya tu. Bendi yetu inaitwa Ngurumo. Mimi napiga gitaa, Obedi anapiga drams, Winnie Aluoch anapiga besi na ndiye sauti yetu. Na wimbo ule nilioupiga ulimtaja mwenye baa kwa jina: Mzee Chenge, aliyewaondoa akina mama waliokuwa wakianika dagaa kwenye mwalo wa Nyakasenga, ufukwe wa wavuvi, akazungushia uzio, akauza bia juu ya mchanga wao.

Mmoja wa akina mama hao ni Sabina, mama yangu mzazi.

Haya. Wimbo ukaisha. Hakuna aliyepiga makofi. Obedi, ambaye huniita Ngosha kwa Usukuma wangu, akaninong'oneza, "Leo tumekwisha, Ngosha. Tafuta mlango."

Ndipo fundi wa mitumbwi mmoja, meza ya nyuma kabisa, akagonga chupa mezani.

"Rudia!"

Tukarudia. Mara ya pili wahudumu waliacha kuhudumia. Mara ya tatu baa nzima ilikuwa inaimba kiitikio, na waliokuwa nje ya uzio nao wanaimba:

*Chenge, mchanga hauna hati,*
*mchanga una mama.*
*Chenge, ulikuja na askari,*
*dagaa wakarudi majini wamekufa.*

Nisikilizeni vizuri hapa. Miaka yote tuliyopiga pale tulipiga kopi. Nyimbo za watu. Jiji zima limejaa miamba, tunajisifu kwa miamba, na bendi yake ya roki inaimba habari za theluji! Winnie anaimba theluji huku jasho linamtiririka mpaka kwenye besi. Hajui maana ya nusu ya maneno. Mimi sijui robo. Mteja hajui hata moja, lakini ukiliruka ananuna.

Na tulipojaribu kusema tuna nyimbo zetu, mnajua tulijibiwa nini? Mtangazaji mmoja wa redio, simtaji, alituambia, "Roki ya Kiswahili? Mtatuulia watu kwa kicheko." Nakumbuka alikuwa anakula karanga. Nakumbuka alimpa Obedi maganda akatupe. Mimi sisahau. Nikanyage leo, miaka kumi ijayo nitakwambia ulivaa kiatu gani na kamba zake zilikuwa rangi gani.

Kwa hiyo usiku ule nilitembea kama mtu aliyerudishiwa mkono wake.

Jumatatu Chenge akatuita.

Tulimkuta chini ya mwavuli, anakula sato na ndimu. Obedi akampa shikamoo. Mimi sikumpa.

"Marahaba, Obedi," akasema Chenge. "Mwenzako amemeza ulimi? Jumamosi alikuwa nao mrefu."

"Ulimi upo," nikamjibu. "Umechoka kusalimia wezi."

Obedi akafumba macho.

Chenge akachomoa mwiba mdomoni taratibu, akauweka pembeni ya sahani. "Nani kakufundisha kuimba jina la mtu hadharani?"

"Mjomba wangu. Manju Luhaga."

"Luhaga!"

Akacheka. Akacheka mpaka akashika meza kwa mikono miwili. Nilidhani anamdharau mjomba, na hasira ikanipanda hadi masikioni.

"Basi kama ni Luhaga," akasema akijifuta machozi, "na mimi ni Msukuma kama wewe. Nitakujibu kwa sheria za uwanjani."

Kwa wasiotoka kwetu nieleze. Mavuno yakiisha, vikundi viwili vya ngoma hukutana uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake, vinapiga kwa pamoja. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, anaruhusiwa kumwimba mpinzani wake kwa jina, amtukane mpaka ukoo. Aliyeimbwa harushi ngumi. Haendi polisi. Anajibu kwa wimbo. Na jaji ni miguu ya watu: wanahama huku, wanahamia kule, na atakayebaki nao ndiye mshindi.

Mimi nilimwimba Chenge nikiamini hatajua la kufanya. Nilidhani pesa zimemsahaulisha kwao.

"Jumapili," akasema, "uwanja wa mnada. Majukwaa mawili. Ukibaki na watu, naung'oa uzio wangu mbele ya macho yako, akina mama warudi. Nikibaki nao mimi, wimbo huo unakufa. Huuimbi hapa, huuimbi Nansio, huuimbi Sengerema. Hata bafuni."

"Nimekubali."

"Ndalahwa!" Obedi akashtuka. "Tuulizane kwanza."

"Nimesema nimekubali! Na wewe Mzee, nani atakuimbia? Hao wanaokuoshea magari?"

Chenge akageuka kaunta. "Njoo, binti yangu."

Winnie akashuka kwenye kiti kirefu. Alikuwa pale muda wote, ametupa mgongo, anakunywa soda. Besi lake limeegemea ukuta.

Ndugu zangu, nimewahi kuibiwa. Nimewahi kupigwa. Sijawahi kuhisi nilichohisi pale.

"Amekulipa kiasi gani?" nikamuuliza.

"Hapo hapo!" Winnie akacheka kwa uchungu. "Ulivyo wewe. Mtu akikuacha lazima kanunuliwa."

"Sasa ni nini?"

"Aliniuliza swali. Aliniambia, Winnie, wewe mwenyewe una wimbo gani? Basi. Tumekaa bendi moja mpaka vidole vyangu vimeota sugu, wewe hujawahi kuniuliza."

"Uongo. Uliniimbia ule wa harusi."

"Ule wa harusi!" Akamgeukia Obedi. "Unasikia? Nilimwimbia wimbo wa bibi yangu. Mtumbwi wake wa harusi ulinaswa kwenye magugu maji, yuko pale anamwona bwana harusi ufukweni, hawafikiani, wakaapa viapo vyao kwa kupiga kelele juu ya magugu, mchungaji naye anapiga kelele katikati. Nilipomaliza huyu akaniambia nini?"

Obedi akatazama viatu vyake. "Alisema hiyo siyo roki."

"Alisema, peleka kwaya!"

"Kwa sababu watu wanafukuzwa kwenye ardhi yao," nikapaza sauti, "na wewe unataka kuimba magugu!"

"Ulitutoa kwenye kopi za wazungu ukatuingiza kwenye kopi zako, Ndalahwa. Maneno yako, hasira zako, mama yako. Sisi tunapiga tu." Akachukua besi. "Jumapili nitaimba wa kwangu. Kama ni wa kwaya, watu watasema."

Akaondoka. Chenge akarudia samaki wake. "Ndimu iongezwe hapa," akamwambia mhudumu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba Luhaga.

Huyu ni kaka wa mama yangu. Zamani alikuwa manju wa kutisha, watu walimfuata kutoka Misungwi na ng'ombe wao. Baadaye akawa mwenyekiti wa mwalo wetu wa Nyakasenga, miaka ileile akina mama walipoondolewa. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Misungwi nachomelea madirisha na mageti. Habari zote za siku ile nilizipata kwake: askari walivyokuja alfajiri, dagaa walivyomwagwa, mama alivyopigwa rungu. Alinisimulia huku analia. Nilichukua maneno yake kama yalivyo nikayapigia gitaa. Wimbo ni wangu, lakini macho ni yake.

"Winnie katuhama," nikamwambia.

"Amehama na maneno ya wimbo?"

"Hapana."

"Basi hajahama na kitu. Utaimba mwenyewe."

"Mimi sina sauti, mjomba. Nakoroma."

"Koroma! Mwenye hasira haimbi vizuri. Akiimba vizuri watu wanamtilia mashaka." Akainuka, akaenda uvunguni mwa kitanda, akavuta ngoma yake kubwa, akaipangusa vumbi kwa kiganja. "Sina kazi Jumapili. Nitasimama nyuma yako."

Nililia. Naandika hapa bila aibu. Nililia kama mtoto, nikamshika miguu.

Jumamosi mchana mama akanipakulia ugali. Dagaa wa kununua, wa wenyewe. Alikaa kwenye kigoda chake akinitazama nikila, jambo ambalo huwa halifanyi.

"Chenge alikuja hapa," akasema.

Nikarudisha tonge sahanini. "Kukutisha?"

"Kuniomba. Anasema kesho nipande jukwaani kwake, niseme wimbo wako ni wa uongo. Nikisema, anafungua geti upande wa mawe. Tunaanika sote. Ushinde wewe, ashinde yeye, geti linafunguliwa."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimjibu nitasema."

Nikasukuma sahani. "Mama! Mimi nakupigania, wewe unakwenda kunizika?"

"Punguza sauti, huko nje kuna watu."

"Wasikie! Wajue kuwa mtu anaweza kupigwa rungu, halafu akaenda kumpigia magoti aliyempiga!"

Mama akaokota dagaa mmoja aliyeanguka mkekani, akamweka kwenye kisahani.

"Huo ubeti wa tatu," akasema. "Unaosema nilipigwa nikaanguka, nikalala kwenye mchanga. Nani alikwambia nilianguka?"

"Mjomba."

"Mjomba wako."

"Ndiyo. Mjomba Luhaga. Aliyekuwepo!"

"Alikuwepo," mama akasema. "Hilo kweli, alikuwepo. Na mimi je, sikuwepo? Mbona hukuja kuniuliza mimi?"

"Sikutaka kukukumbusha machungu."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Kula, Ndalahwa. Dagaa hawaanikwi juu ya wimbo."

"Basi niambie wewe! Ilikuwaje?"

"Nimesema kula."

Sikula. Nilitoka nikaubamiza mlango. Nilijua nilichojua: Chenge kamtisha, kamrubuni kwa geti, mpaka amekuwa na haya ya kukumbuka alivyoonewa. Nikaapa njiani, kwa sauti, watu wakanipisha. Kesho ningeuimba ubeti wa tatu mara mbili.

Jumapili uwanja wa mnada ulijaa mpaka wauza miwa wakakosa pa kusimama. Watoto walikaa juu ya mawe kama pimbi. Jukwaa la Chenge lilikuwa na turubai, na spika ndefu kuliko mtu. La kwetu lilikuwa meza za kupimia nyama zilizounganishwa. Obedi alikuja. Alifunga drams zake bila kunitazama.

"Nimekuja kwa ajili ya mama Sabina," akasema. "Siyo kwa ajili yako. Ukiniropokea leo, naondoka na vijiti vyangu."

"Sawa."

"Sema asante."

"Asante, Obedi."

Filimbi ikapulizwa.

Winnie hakuanza na besi. Alianza na sauti tupu. Akaimba mtumbwi, akaimba magugu, akaimba bibi yake amesimama na shela lililolowa, anapiga kelele, "Nakubali! Mmesikia huko? Nakubali!" Halafu besi likaingia.

Nasema kwa hasira, na nitakufa nayo: ulikuwa wimbo mzuri. Wanawake waliacha vikapu. Kila alipoimba "Mmesikia huko?" uwanja mzima ukaitikia, "Tumesikia!" Watu wetu wakaanza kugeuza shingo. Kisha miguu. Wakahama kama maji ya mtaro, mpaka mbele yangu wakabaki walevi na mbwa mmoja.

Nilikuwa nakoroma kwenye maiki peke yangu. "Chenge, mchanga hauna hati..." Mlevi mmoja akanijibu, "Na wewe huna sauti, kaka!"

Walicheka hata wa upande wa pili.

"Simama!" mjomba Luhaga akanifokea kutoka nyuma. "Acha hilo gitaa lako la kizungu. Nisikilize."

Akaipiga ngoma yake.

Sijui niwaelezeje. Ilikuwa ngoma ya jembe, ile ya kulimia, inayowafanya watu hamsini wainue na kushusha kwa pamoja. Mpigo ulipita chini ya meza ukapanda miguuni. Obedi akamtazama mjomba, akatazama drams zake, akaelewa. Akaingia naye. Mimi nikaacha mambo yote niliyojifunza kwenye kopi, ile mikwaruzo na vidole kukimbia, nikashika noti mbili tu, nzito, nikazipiga pale jembe linapotua.

Hiyo ndiyo siku Ngurumo ilizaliwa. Hatukuwa tumewahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa roki, na ilikuwa ya shambani, na haikuwa ya mtu mwingine yeyote duniani.

Wazee walihama kwanza. Mabega yao yalikumbuka kabla ya vichwa. Halafu wavuvi. Halafu watoto wakateremka kwenye mawe. Mzee mmoja akachukua muwa akaufanya jembe, na wengine wakamwiga, uwanja mzima unainua na kushusha, vumbi mpaka kiunoni. Kiitikio kilipofika hawakuimba, walinguruma. Upande wa Winnie akabaki Winnie. Aliacha kupiga, akakaa ukingoni mwa jukwaa, anatutazama. Niliona anatikisa kichwa kwa mpigo. Hakuweza kujizuia.

Nilimwona Chenge naye. Alikuwa amesimama na leso mkononi. Nikamnyooshea kidole.

"Leta nyundo, Mzee! Uzio haung'oki wenyewe!"

Watu wakalipuka.

Tukamaliza ubeti wa pili. Mjomba akapunguza mpigo ili nipumue kabla ya ule wa tatu. Na hapo ndipo nilipomwona mama anapanda jukwaa la Chenge.

Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Chenge mwenyewe alimshika mkono apande. Akampa maiki.

"Mimi ni Sabina," mama akasema. Zile spika zilikuwa kubwa na zimeelekea jukwaani kwetu, juu ya vichwa vya watu, halikunipita neno. "Anayeimba kule ni mwanangu. Wimbo wake ni wa uongo."

Chenge akainua mikono kwa furaha. Akanyoosha mkono kuchukua maiki.

Mama hakumpa.

"Ni wa uongo kwa sababu hakuna askari aliyekuja. Hakuna dagaa aliyemwagwa. Mimi sikupigwa, wala sikuanguka. Tuliitwa kikao. Tukapewa soda. Mwenyekiti wetu wa mwalo akatuambia, akina mama, tunaweka uzio wa kuzuia mbwa wasile dagaa wenu. Tukampigia makofi. Tukamwimbia! Uzio ulipokwisha, geti likafungwa, sisi tuko nje."

"Zima spika!" Chenge akapiga kelele. "Zima!"

"Sikusema siku zote hizo kwa sababu tumenyonya ziwa moja," mama akasema. "Lakini leo nimemwona anapiga ngoma ya machozi yangu, nimeshindwa. Mwenyekiti aliyetuuza yuko pale, kwenye jukwaa la mwanangu. Yuko nyuma yake."

Spika zikakatika.

Waliokuwa pembeni walisikia. Niliona wanageuza vichwa, mama, mimi, mama, mimi. Lakini waliojaa mbele yangu, mamia ya watu, walikuwa ndani ya vumbi na ngoma, wananguruma kiitikio, miwa juu, hawajasikia chochote. Walikuwa wanangoja ubeti.

Ngoma ikaongezeka nguvu.

Niligeuka. Mjomba Luhaga hakuwa ameacha kupiga hata kidogo. Alikuwa anapiga kwa mikono yake yote, jasho linamdondoka kidevuni, na macho yake yalikuwa makavu.

"Mjomba," nikasema. "Ni kweli?"

"Watu wote wako kwetu," akanijibu. "Uzio unang'oka leo. Imba, mpwa wangu."

Obedi alikuwa amesikia. Vijiti vyake vilikuwa hewani, haviteremki. Kule ng'ambo mama alikuwa bado amesimama na maiki iliyokufa, ananitazama.

Ubeti wa tatu ndio ule unaosema alianguka. Mpigo ulizunguka ukafika mahali pa kuingilia. Mlevi aliyenicheka akanipigia kelele, "Imba, kaka!" na uwanja mzima ukainua majembe yake ya miwa, ukayashikilia juu, unaningoja mimi.